Tumwite Nani Mgeni Rasmi? Safari ya Kibaha na Kisarawe

Kibaha na Kisarawe ni wilaya mbili jirani za Mkoa wa Pwani, na katika miaka michache iliyopita zimeshirikiana jambo ambalo wazee wetu hawakuliwazia. Mwezi Julai 2018, Rais John Magufuli alimteua Jokate Mwegelo kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Watanzania walikuwa wakimjua tangu mashindano ya urembo ya mwaka 2006, kisha wakamjua katika filamu, katika muziki, na katika biashara ya mitindo iliyobeba jina la Kidoti. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akamhamishia Temeke, na kiti cha Kisarawe akakabidhiwa Nickson Simon. Kwa jina hilo wengi wa vijana wasingemtambua hata wangepishana naye mlangoni. Walimjua kwa jina la Nikki wa Pili, mghani wa kundi la Weusi lenye chimbuko lake Arusha. Mwanzoni mwa mwaka 2023 naye akahamishwa Kisarawe, akaletwa kwetu Kibaha.

Katika muda usiotimia miaka mitano, basi, wenyeviti wa vijiji, walimu wakuu, wazee wa misikiti na makatibu wa kamati mfano wa mwandishi wa makala haya, walilazimika kujifunza namna ya kufungua kinywa mbele ya mtu ambaye sauti yake waliizoea redioni kabla ya kumwona ofisini. Kumheshimu hakukuwa na mjadala, kwani mgeni ana haki yake na kiongozi ana haki yake. Kilicholeta taabu ni jina. Mtu huyu anaitwaje, na nani, na mahali gani?

Swali hilo liliingia katika kamati yetu mwaka huohuo wa 2023, wakati wa maandalizi ya hafla ya madrasa. Watoto walikuwa wameongezeka, darasa ni moja, na mvua za masika zilikuwa zimekwishatuonesha ni upande gani bati limechoka. Tuliazimia kufanya changizo na kumwalika Mkuu wa Wilaya awe mgeni rasmi.

Msikiti wetu hauko mbali na Barabara ya Morogoro, mahali ambapo adhana ya alfajiri hushindana na honi za malori yanayopanda kutoka Ruvu. Msomaji asiyeijua Kibaha aelewe kwamba huu ni mji wenye nyuso mbili. Uso mmoja ni wa ofisi na taasisi: makao makuu ya mkoa, Hospitali ya Tumbi, na Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Uso wa pili ni wa vituo vya barabarani, na huo ndio unaotaja majina. Abiria hateremki mtaa namba fulani. Huteremka Kwa Mathias, au Kwa Mfipa, au Picha ya Ndege. Huyo Mathias jina lake limebaki. Huyo Mfipa amebakiwa na kabila tu, na hakuna abiria anayeuliza aliitwa nani na mama yake. Tena ni hapohapo Kwa Mfipa ilipojengwa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyozinduliwa Februari 2022. Kwa hiyo katika kituo kimoja cha daladala kuna mtu aliyepoteza jina akabaki na kabila, na mwingine ambaye cheo chake cha ualimu kimekuwa sehemu ya jina.

Tulipokaa baada ya swala ya Isha kupanga mwaliko, barua haikutusumbua hata kidogo. Barua ya Kiswahili ya kiofisi ina rehema hiyo: unaandika "Mkuu wa Wilaya", unaandika sanduku la posta, unaandika "KIBAHA" kwa herufi kubwa, unashuka kwenye "YAH", na jina la mwenye kiti halihitajiki popote. Waliobuni utaratibu huo walijua kwamba watu huhama na viti hubaki. Mzozo ulizuka tulipofika kwenye bango na risala.

Bango lilitengenezwa na vijana kwa simu, na lilikuwa limekwisha kabla ya kikao. Juu kabisa waliandika NIKKI WA PILI kwa maandishi yaliyojaza nusu ya kioo. Jina la madrasa lilikuwa chini, dogo, kama anwani ya kiwanda cha uchapaji. Mwenyekiti wetu, mzee wa miaka zaidi ya 70, aliitazama simu ile kwa muda, akaivua miwani, akaivaa tena. Kisha akasema kwamba jina la jukwaani halitabandikwa kwenye ukuta wa msikiti wakati yeye yu hai.

Kijana mmoja akaomba ruhusa ya kujibu. Alisema kwa adabu, lakini alisema lililokuwa moyoni. Kama tunalionea haya jina lake, akauliza, kwa nini tumemchagua yeye awe mgeni, tukiwa tunajua fika kwamba watu watajaa kwa sababu ya jina hilohilo? Je, si kwamba tunataka umati wake bila kulitaja jina lililouleta?

Kikao kilinyamaza. Wako waliokasirika, na wako waliotazama mkeka. Kwangu mimi lile ndilo lililokuwa swali zito la usiku ule, zito kuliko bati na matofali, kwa sababu liligusa ukweli wa nyumba ya Mwenyezi Mungu. Msikiti haupaswi kumsifu mtu uongo, wala haupaswi kumtumia mtu kwa siri.

Siku mbili baadaye likaja swali la pili, dogo kwa umbo. Binti wa miaka 12, aliyechaguliwa kusoma risala kwa sababu ya matamshi yake mazuri, alinisubiri nje ya darasa akiwa na karatasi mkononi. "Ustadh, shikamoo. Mgeni nitamwita nani? Mwalimu amesema niseme Mheshimiwa, kaka amesema nikisema hivyo tu watu watafikiri simjui." Nilimwambia asubiri majibu ya kamati. Alikubali, lakini alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba watu wazima nao hufanyiwa mitihani.

Kamati ikaamua nifunge safari kwenda Kisarawe. Wenzetu kule walikuwa wamepokea wawili mfululizo, nao, kwa maneno ya mwenyekiti, "wameshaula ubuyu huo hadi kokwa."

Nilipanda daladala Maili Moja asubuhi ya Jumamosi. Ipo njia ya upande wa Mlandizi inayokwenda Mzenga hadi Maneromango ndani kabisa ya Kisarawe, lakini anayekwenda mjini Kisarawe kwa nauli ya kawaida huona wepesi kuzungukia Mbezi, akapita Malamba Mawili na Kinyerezi, akatokea Banana, kisha Gongo la Mboto na kuupanda mlima wa Pugu. Ni safari ya kushuka na kupanda magari matatu, ikiwa Mungu amekujaalia foleni nyepesi.

Mbezi ndiko kilipo kituo kikuu cha mabasi kilichozinduliwa Februari 2021 na kupewa jina la Rais Magufuli, ambaye alifariki dunia mwezi uliofuata. Makondakta husimama mlangoni wakiita, "Magufuli! Magufuli! Magufuli wawili!" Mtu ambaye alipokuwa hai jina lake lilitanguliwa na Mheshimiwa, na Daktari, na Rais wa Jamhuri, sasa huitwa kavukavu na kijana mwenye noti zilizokunjwa kati ya vidole, na hakuna anayeona utovu wa adabu. Ni kwamba jina limehama kutoka kwa mtu likaenda kwenye mahali. Mwenye jina hayupo tena kuudhika wala kufurahi. Kilichobaki kwake ni amali yake.

Kutoka Banana unaingia barabara ambayo watu wa makamo bado huiita ya Pugu na vibao huiita ya Nyerere. Upande wa kushoto na kulia ni maduka ya vifaa vya ujenzi, gereji, na misikiti iliyobanana na majumba ya ghorofa. Baada ya Gongo la Mboto hewa huanza kubadilika. Gari hunguruma, barabara hupinda, na vilima vya Pugu huinuka na msitu wake wa hifadhi, uliopakana na ule wa Kazimzumbwi. Anayetoka kwenye joto la mjini huona shati likimkauka mgongoni.

Ni katika vilima hivi ambapo Julius Nyerere alifundisha, katika shule ya Mtakatifu Francis, baada ya kurejea kutoka masomoni Edinburgh. TANU ilipozaliwa Julai 1954 alikuwa bado mwalimu wa Pugu, na mwaka 1955 aliacha kazi hiyo ili ashike kazi ya siasa. Ukijumlisha miaka yake ya darasani, Tabora na Pugu, ni michache mno ukilinganisha na miaka aliyoongoza nchi hadi 1985. Hata hivyo, mdomoni mwa watu neno Mwalimu ndilo lililoshinda. Alikuwa Waziri Mkuu, akawa Rais, na bado mkulima wa Rufiji na balozi wa nchi ya nje waliweza kumwita kwa neno moja, wote wakawa sawa, naye akaitika. Nafikiri siri ni kwamba neno lile lilitaja kazi aliyoifanya kwa mikono yake kabla hajapewa mamlaka, na yeye mwenyewe aliliridhia. Enzi ile ilikuwa na neno jingine pia, Ndugu, ambalo lilikusudiwa kumfaa waziri na mfagizi. Baadaye Mheshimiwa ikaingia kila mahali, hadi leo katika harusi zetu wako Waheshimiwa wengi kuliko walioalikwa.

Niongeze hapa, kwa kuwa tunasemana ndani ya nyumba: sisi wa misikitini si wasafi katika jambo hili. Mtu akivaa kanzu iliyopigwa pasi anakuwa Sheikh. Akifundisha juzuu moja ni Ustadh. Akirudi Makka ni Alhaji, na ole wake katibu atakayesahau kuliandika katika orodha ya wachangiaji. Nimesikia mshereheshaji akitaja vyeo vya meza kuu hadi pumzi ikamkatika, kisha akajiokoa kwa maneno ambayo kila Mtanzania anayajua: itifaki imezingatiwa.

Kisarawe mjini ni padogo na pana utulivu wa mlimani. Ofisi za serikali, soko, vibanda vya kuweka fedha katika simu, na miembe ambayo chini yake kuna pikipiki zinazosubiri abiria wa vijijini. Wenyeji hawachoki kukusimulia habari ya maji. Mji huu ulio karibu kiasi hiki na Dar es Salaam uliishi kwa ndoo na visima hadi ulipozinduliwa, Juni 2020, mradi unaoyapandisha maji kutoka Kibamba. Mwanamke aliyeniuzia chungwa alinielekeza msikitini kwa kutumia bomba kama alama: ukipita bomba la kwanza, kata kulia.

Katibu mwenzangu alinipokea kwa bashasha, na baada ya swala ya Adhuhuri akanipeleka barazani kwa mzee mmoja wa Kizaramo, mtu wa kahawa na kashata, ambaye amekaa katika kamati mbalimbali tangu sijazaliwa. Nilimwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia marahaba, akauliza habari za Kibaha, habari za nyumbani, habari za mvua, ndipo akauliza kilichonileta. Nilipomweleza alicheka hadi kikombe kikatikisika.

"Ninyi mmepata mwanamume," akasema. "Sisi tulianza na binti."

Akanieleza jinsi walivyobishana wao kwa wao mwaka ule wa 2018, kabla Mkuu mpya hajafika. Baadhi ya wazee walizisikia habari za urembo na filamu, wakasema ulimi wao utakuwa mzito kumwita Mheshimiwa mtu wa umri wa wajukuu zao. Wengine wakasema aitwe Mama, kwa kuwa mtawala mwanamke ni mama. Lakini wanawake wenyewe wakapinga, wakasema binti wa miaka 31 hamzeeshwi kwa sababu ya kiti. Aitwe Bibi? Neno hilo zamani lilikuwa neno tukufu. Bibi Titi Mohamed alilibeba akiwa bado kijana, alipokuwa akiwahamasisha wanawake wa Dar es Salaam kujiunga na TANU, na hapakuwa na aliyefikiri kuwa anaitwa ajuza. Kule Unguja, Fatuma binti Baraka alijulikana duniani kote kwa jina la Bi Kidude. Lakini siku hizi ukimwita msichana Bibi atakuuliza mjukuu wako yuko wapi.

"Sasa mlimwitaje?" nikauliza.

"Hadharani, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, kama serikali inavyotaka. Wanawake wakiwa peke yao walisema mwanetu. Watoto wa shule walikuwa na jina lao, na hatukuwauliza." Akanywa funda la kahawa. "Lakini nikwambie, mwanangu, ubishi ule uliisha wenyewe. Alianza ile habari ya kutokomeza sifuri mashuleni, watu wakaanza kubishana juu ya watoto wao badala ya jina lake."

Kampeni hiyo ya Tokomeza Zero wengi wanaikumbuka. Kisarawe ilikuwa na sifa mbaya katika mitihani ya sekondari, na habari ya mabweni kwa wasichana ilikuwa kilio cha kila mzazi ambaye binti yake hutembea mwendo mrefu porini. Leo wilayani humo iko shule ya sekondari inayoitwa Jokate Mwegelo. Nilipolisikia jina hilo likitamkwa na mzazi pale sokoni niligundua kitu kidogo: halina Mheshimiwa mbele yake, wala halina Kidoti nyuma yake. Ni majina mawili ya mtu, basi.

Mzee akanigeuzia upande mwingine wa mambo. Watu wa Pwani, akasema, tunajifanya hatujui vyeo na majina kuchanganyika, ilhali majina yetu wenyewe yamejaa vyeo. Mwinyi ni nini kama si bwana, mwenye mji? Babu zetu walilitanguliza kwa heshima: Mwinyi Juma, Mwinyi Sheikh. Ulimi ukakimbia, likawa Mwinjuma, likawa Mwinshehe, na mtoto akazaliwa na ubwana ndani ya cheti chake cha kuzaliwa hata kama baba yake anauza mihogo. Nikamkumbusha habari ya Hamis Mwinjuma, msanii anayejulikana kama Mwana FA, ambaye mwaka 2020 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Muheza na mwaka 2023 akateuliwa kuwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Mzee akafurahi mno. Huyo, akasema, ana uana katika jina la muziki na ubwana katika jina la ukoo, sasa ameongezewa na unaibu. Mshereheshaji wake na aombewe dua.

Tukamtaja pia marehemu Alhaji Ali Hassan Mwinyi, mzaliwa wa Kivure katika mkoa wetu huu, ambaye wakati ule alikuwa bado hai; alifariki Februari 29, 2024, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa na vyeo vyote ambavyo mtu angevitamani, na watu wakampa la kwao, Mzee Rukhsa. Lilizaliwa mitaani, kutokana na ruhusa alizozifungua katika biashara na maisha. Naye hakulikimbia. Kitabu cha maisha yake, kilichozinduliwa mwaka 2021, kina jina hilo katika jalada lake.

Nilipokuwa nikirudi, gari likiteremka Pugu, nilikuwa na muda wa kuyapitia yale tuliyosomeshwa chuoni. Suratul Hujurat, katika aya ya 11, inakataza waumini kuitana kwa majina ya kejeli, na mwenyekiti wetu alikuwa ameitaja aya hiyo katika kikao. Ni hoja ya kweli, lakini kinachokatazwa pale ni jina linalomuumiza mwenyewe. Sayyidna Ali (r.a.) alikutwa na Mtume (s.a.w.) amelala msikitini, vumbi limemganda mwilini, akamwita Abu Turab, baba wa udongo, na imepokewa katika Sahihi ya Imam Bukhari kwamba hakuwa na jina alilolipenda kuliko hilo. Wapokezi wakubwa wa Hadithi tunawataja kila siku kwa lakabu ambazo mtu akizifasiri neno kwa neno atashituka: al-A'mash, mwenye macho dhaifu, al-A'raj, kiguru. Wanazuoni wakasema yafaa kumtaja mtu kwa lakabu aliyojulikana kwayo, ikiwa kusudio ni kumtambulisha na wala si kumdunisha. Sasa kijana aliyejichagulia jina mwenyewe, akaliandika katika kazi zake, na akaitika akiitwa kwalo, utasemaje kwamba umemtukana ukimwita hivyo?

Lakini upande wa pili nao una dalili yake. Mtume (s.a.w.) alipomwandikia Heraklio, mtawala wa Roma ya Mashariki, hakuandika jina tupu. Alimtaja kwa jina lake, kisha akamwita mkubwa wa Warumi. Wanazuoni wameliangalia neno hilo kwa makini: hakumpa ufalme ambao barua ile haikukusudia kuuthibitisha, wala hakumnyima heshima ambayo watu wake walimpa. Mtu hakuwa Mwislamu, na barua ilikuwa ya kumwita katika Uislamu; pamoja na hayo adabu ya anwani haikuachwa. Na kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) imepokewa amri ya kumweka kila mtu katika daraja yake. Daraja ya mgeni wetu siku ile ni ipi? Hatukumwalika aje kughani. Tulimwalika akague darasa lenye bati bovu, na kazi hiyo ni ya Mkuu wa Wilaya.

Kwa hiyo niliporudi nilimuunga mkono mwenyekiti katika bango, na nikamuunga mkono kijana katika lile aliloliuliza. Bango linaita watu. Ukiandika jina la jukwaani kwa herufi za kujaza kioo, unawaahidi burudani ambayo hutawapa, na hiyo ni ghushi kama ghushi ya sokoni. Kijana akakubali, ingawa aliomba jina la madrasa nalo likuzwe, na kila mtu akaona aibu kidogo kwamba halikuwa limekuzwa tangu mwanzo. Ama kuhusu kumtambulisha mgeni siku yenyewe, nilisema lisifichwe. Kijana atakayeshika kipaza sauti amtaje Mheshimiwa Nickson Simon, Mkuu wa Wilaya ya Kibaha, kisha aseme mara moja tu, bila mbwembwe, kwamba wengi wa vijana wanamfahamu kwa jina la Nikki wa Pili. Mwenyekiti alitaka ijulikane kwamba hakupenda. Akaandikiwa hivyo katika muhtasari, nao umo hadi leo.

Binti wetu alipewa jibu lake: "Mheshimiwa mgeni rasmi" mwanzoni, na "Mheshimiwa" panapohitajika, isizidi mara tatu katika risala nzima. Aliuliza kama anaweza kumwita "mzazi wetu" katika sehemu ya kuomba bati, kwa kuwa, alivyosema, ukimwita mtu mzazi hawezi kukuacha unyeshewe. Mama mwakilishi wa wanawake katika kamati akasema hilo libaki, tena lisogezwe juu.

Tulikuwa tumekwisha kusoma dua ya kufunga kikao, watu wanatafuta viatu, ndipo mzee mmoja ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo akaniita mlangoni.

"Katibu, na akimtuma mwakilishi?"

Nikarudi ndani, nikaitandika karatasi ya utambulisho juu ya rahali, na mahali pa jina nikaweka mstari wa nukta.